Mume yuko Ohio, mie niko Wete, tumeoana Disemba: afaili kodi vipi?

BiHarusi_Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nnaomba msaada kwa anaejua mambo ya kodi za Marekani, mana hapa nyumbani kila ninaemuuliza ananambia waulize walioko huko, na walioko huko kila mmoja ana lake.

Mie nipo Wete, nasomesha skuli ya serikali. Mume wangu yupo Columbus, Ohio, ana grini kadi, kazi yake wehauzi. Alikuja Disemba iliyopita tukafunga nikah tarehe 27, mwenyewe alikuwepo, cheti cha ndoa tunacho na usajili kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii tumeshafanya. Harusi yenyewe ya kunitoa bado, tumesema inshaallah akirudi tena, kwa hiyo mpaka sasa nipo kwa wazee wangu na yeye kesharudi kazini.

Sasa huko msimu wa kodi umefika. Mwenzake wa kazini kamwambia faili singo kama ulivyofaili mwaka jana, mke hayupo Marekani, hawamjui, na mwaka mzima ulikuwa kapera. Kuna akaunta mwengine kamwambia hapana, faili na mkeo pamoja utapata rifandi kubwa, yaani pesa ya kodi inayorudishwa, akampa karatasi nitie saini mie. Imenifikia kwa whatsapp, kiingereza chake kizito, lakini nimefahamu kuwa nachagua nihesabiwe mkaazi wa Marekani kwa mwaka mzima. Mie Marekani sijatia mguu, nitahesabiwaje mkaazi? Na nikishasaini mshahara wangu wa skuli unaingia huko? Nna na mikarafuu alonipa bibi yangu kabla hajafariki, kila msimu naikodisha, nayo je?

Simshuku mume wangu hata kidogo, na yeye mwenyewe kasema nisisaini mpaka niridhike. Ila karatasi yenye jina langu nataka niijue inasema nini. Ahsanteni.

Mtu_wa_Darajani

Waalaykum salaam, hongera dada, Mungu awajaalie maisha mema. Mie naona msijitie taabu, afaili singo tu mwaka huu, wako wengi wanafanya ivo na rifandi zao wanapata. Wewe ukishafika huko ndo mtabadilisha.

mtoto_wa_Limbani

Waalaykum salaam dada yangu, na hongera sana. Ndugu yangu wa Darajani samahani lakini hilo la singo naomba tulifute kabisa, mana linaleta madhara makubwa kuliko watu wanavyodhani. Mie nipo huku miaka mingi na kila msimu najitolea kwenye VITA, ule mpango wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wa kuwajazia watu kodi bure, na mambo ya wake walioko Unguja na Pemba yanatupitia kila mwaka.

Sheria yao inaangalia siku moja tu, tarehe 31 Disemba. Ukiwa na mke siku ile basi mwaka wote unahesabika una mke, hata kama nikah ilifungwa juzi yake. Na ndoa iliyofungwa nje wanaitambua maadamu ni halali pale ilipofungwa. Nikah yenu ya Wete ni ndoa kamili, kungojea harusi ya kukutoa ni mambo yetu sie, hayabadilishi kitu kwao. Kwa hiyo akiandika singo anakuwa katoa taarifa ya uongo chini ya kiapo, mana pale anapotia saini kwenye 1040, ile fomu ya kodi ya mwaka, anaapa kuwa yote ni kweli.

Halafu fikiria mbele. Mumeo atakuombea uhamie, atajaza I-130 ile ya kumuombea mke kisha I-864 ile ya kukudhamini, na kwenye hiyo I-864 wanataka kodi zake. Sasa afisa ana faili mkononi, huku mtu kasema nimeoa tarehe 27 Disemba 2025, huku kodi ya 2025 inasema singo. Utamjibu nini? Kuna kaka namjua ilibidi arekebishe kodi za miaka miwili kwa 1040-X huku mkewe anangojea intavyuu, na kila karatasi ilichukua miezi.

Zimebaki njia mbili, kufaili pamoja au kufaili kila mtu mbali.

Kwa sheria yao wewe ni mgeni asiekuwa mkaazi, na mgeni wa aina yako hawezi kufaili pamoja na mumewe isipokuwa nyote wawili mchague wewe uhesabiwe mkaazi. Ndo hiyo karatasi ulotumiwa. Inasema siku ya mwisho ya mwaka mmoja wenu alikuwa raia au mkaazi wa Marekani na mwengine hakuwa, na kwamba mnachagua wote muhesabiwe wakaazi kwa mwaka mzima. Inataka majina, anwani, namba za utambulisho na saini za wote wawili. Si utapeli, karatasi hiyo ipo kisheria. Lakini akaunta alitakiwa akufahamishe kabla ya kukutaka saini, na hilo ndo linanikera, anaona rifandi tu basi.

Faida yake ni hii. Kwa mwaka wa 2025 anaefaili mbali anapunguziwa dola 15,750 kabla ya kodi kuhesabiwa, wanaofaili pamoja 31,500. Tuseme mumeo alilipwa 46,000. Akifaili mbali inabaki 30,250, ya kwanza 11,925 inakatwa asilimia 10 na iliyobaki asilimia 12, jumla kama dola 3,391. Mkifaili pamoja, tuseme mshahara wako kwa mwaka ni dola 3,500, mnaujumlisha mnapata 49,500, toa 31,500 inabaki 18,000, yote ipo kwenye asilimia 10, kodi 1,800. Hapo mmepunguza kama 1,590, na ukitumia ile fomu 2555 ya kuondoa mshahara uliochumwa nje ya Marekani inashuka mpaka 1,450. Pesa hiyo si ndogo, sikatai.

Na gharama yake ni hii. Ukishachagua, mapato yako yote ya dunia yanaingia kwenye hesabu, mshahara wa skuli, mikarafuu, chochote. Na uchaguzi huo si wa mwaka mmoja, unaendelea mpaka usimamishwe, na ukishasimamishwa hakuna hata mmoja wenu anaeruhusiwa kuuchagua tena mwaka wowote wa mbele. Kisha utahitaji namba, na soshali (namba ya hifadhi ya jamii ya huku) huna, kwa hiyo lazima uombe ITIN, namba ya kodi ya wasiokuwa na soshali, kwa fomu W-7, na hapo ndo kunaingia habari ya pasipoti yako.

Jambo la mwisho na naomba mulishike hasa. Akifaili mbali sasa hivi anaweza kubadilisha kuwa pamoja ndani ya miaka mitatu tokea tarehe ya mwisho ya kufaili. Akifaili pamoja halafu mkajuta, ikishapita 15 Aprili huwezi kurudi kufaili mbali kwa mwaka ule. Mlango wa kuingia uko wazi miaka mitatu, wa kutoka unafungwa Aprili. Mie ingekuwa dada yangu wa tumbo moja ningemwambia mumeo afaili mbali mwaka huu.

Bi_Mkoani

Allah akulipe mtoto wa Limbani. Mie nataka niongeze upande wa mwanamke, mana wanaume wakizungumza kodi wanazungumza rifandi.

Mkifaili pamoja, shoga yangu, kodi ile ni deni la nyote wawili na kila mmoja anaweza kudaiwa yote, si nusu. Katika ukoo wetu yupo dada alisaini pamoja na mume, mume mchana alikuwa na kazi ya mshahara na usiku akipakia abiria kwa ile ya programu ya simu, ya usiku hakuiandika. Barua ya IRS ilipokuja ilikuwa na majina mawili. Yeye pesa ile hakuwahi kuiona wala kujua ipo. Ipo fomu ya kujitetea, 8857, unaeleza kuwa hukujua na usingeweza kujua, lakini ni kazi ya muda mrefu na wao ndo wanaoamua.

Na jengine, kama mume ana deni la nyuma, la kodi au matumizi ya mtoto yaliyoamriwa na mahakama kwa mke wa mwanzo, rifandi ya pamoja inashikwa yote kulipia deni lile, na sehemu yako unaidai kwa fomu 8379. Ukiwa umefaili mbali deni lake linabaki lake.

Kwa hiyo kabla ya saini muombe akuoneshe rekodi zake za IRS za miaka mitatu nyuma. Anaingia kwenye akaunti yake kwenye tovuti yao anazipata siku ile ile, na bure. Mume muungwana haoni tabu kwa hilo, na umesema wako ni muungwana, basi muulize kwa upole tu.

BiHarusi_Wete

Jamani nyie watu mmenitoa gizani. Nimempigia simu nimemsomea yote, la singo kaliacha papo hapo, kasema hakujua kuwa linagusa na viza.

Nauliza mawili. Hiyo fomu 2555 ya kuondoa mshahara wa nje inaondoa na pesa ya mikarafuu? Mana sichumi mwenyewe, msimu ukifika namkodisha mtu, ananipa pesa yangu mwanzo, kisha kuchuma, kuanika na kupeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ni juu yake. Na la pili pasipoti, wanataka niipeleke wapi?

mtoto_wa_Limbani

Suali la mikarafuu ni zuri kweli na ma-akaunta wengi wa huku hawalijui kwa sababu hawajui mkarafuu unavyokodishwa. 2555 inaondoa pesa uliyoichuma kwa kazi yako. Mshahara wa skuli ndani, mradi umekaa nje ya Marekani siku 330 katika miezi 12 inayofuatana, na wewe hujatoka Pemba kwa hiyo huna shaka. Njia nyengine ya kuthibitisha ukaazi wa nje kwa asiekuwa raia wao inataka nchi yake iwe na mkataba wa kodi na Marekani na Tanzania haina, kwa hiyo tumia hiyo ya siku 330. Kiwango cha 2025 ni mpaka dola 130,000, mshahara wa mwalimu haufiki huko.

Lakini pesa ya kukodisha mikarafuu ni kama pesa ya kupangisha nyumba, hukuifanyia kazi, haiondoki kwa 2555. Itaandikwa kuwa ni mapato. Ungekuwa unachuma na kuanika mwenyewe, unapeleka kituoni na risiti ya ZSTC inatoka kwa jina lako, hapo kuna kazi yako ndani na hesabu ingekuwa nyengine. Mikarafuu yenyewe kupewa na bibi hiyo haihesabiki mapato, alikupa mali, Mungu amrehemu. Kama umekatwa kodi huko kwenye mshahara kuna na njia ya kuikata kwenye kodi ya Marekani kwa fomu 1116, ila shilingi ile ile huwezi kuiondoa kwa 2555 halafu ukaidai tena kwa 1116, unachagua moja.

Pasipoti sasa. W-7 inakwenda pamoja na kodi yenyewe, karatasi, Austin, Texas. Wanataka pasipoti yenyewe au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa, maana yake Uhamiaji. Nakala iliyogongwa muhuri na wakili wa kawaida hawaichukui, nimeshaona watu wanalipia mihuri Chake mpaka Mjini na zote zikarudi. Wapo mawakala walioidhinishwa na IRS wanaoweza kuikagua ukairudishiwa papo hapo lakini lazima waishike ile ya asili mkononi, picha ya whatsapp haitoshi. Na majibu ukiwa nje ya nchi yanachukua wiki 9 mpaka 11, pasipoti iko safarini wakati wote huo. Wewe unaengojea viza sikushauri.

kijana_wa_Konde

Samahani naingilia, mie nasoma huku kwa viza ya mwanafunzi, F-1, huu mwaka wa tatu, mke yupo Konde. Naweza na mie kufaili nae pamoja? Na mama yangu namtumia pesa kila mwezi, naweza kumuandika tegemezi?

mtoto_wa_Limbani

Hapana, yote mawili. Mwanafunzi wa F-1 miaka mitano ya kalenda ya mwanzo kwa kawaida anahesabiwa si mkaazi, kwa hiyo nyote wawili ni wageni na ule uchaguzi wa karatasi hamuna, lazima mmoja wenu awe raia au mkaazi. Utajaza 1040-NR, fomu ya wageni wasiokuwa wakaazi, kisanduku cha mwenye mke anaefaili mbali, na ile punguzo ya 15,750 hupati, hiyo ni ya wakaazi. Usisahau 8843, fomu ya wanafunzi wa kigeni kama wewe. Ukiona programu ya kodi inakujazia 1040 ya kawaida acha, wanafunzi wengi wanaharibikiwa hapo.

Mama inaniuma kusema lakini tegemezi lazima awe raia au mkaazi wa Marekani, au anaishi Kanada au Meksiko. Mama wa Konde hawamkubali hata ukimlisha wewe peke yako. Na ukikutana na anaekwambia ukiwa unalea ukoo Pemba unafaili kama mkuu wa kaya, usimsikilize, ile inataka mtoto au ndugu anaekubalika kisheria, na mtoto awe anaishi na wewe nyumba moja huku zaidi ya nusu mwaka. Mke aliye mbali hakupi hiyo hadhi.

Bi_Mkoani

Na kwa BiHarusi, mwambie mumeo kama bima yake ya afya ni ile ya Obamacare yenye ruzuku aangalie kwanza, mana wenye ndoa wanaofaili mbali kwa kawaida hawana haki ya ruzuku ile, anaweza kudaiwa airudishe. Kama bima anapewa kazini halimuhusu.

BiHarusi_Wete

Bima ya kazini, alhamdulillah.

Tumezungumza jana usiku mpaka simu ikazima. Atafaili mbali mwaka huu. Rekodi zake kanitumia zote tatu kabla hata sijamaliza kuuliza, hana deni, lakini nimeona mwaka mmoja kuna fomu ya kazi ya pili ya wikendi ambayo mie sikuijua na yeye alikuwa ameisahau, kodi yake alilipa. Nikamwambia mwaka tutakaofaili pamoja tukae wote wawili na karatasi zote mezani ndo nisaini. Kakubali. Mie kwa upande wangu nimeanza daftari, mshahara kila mwezi na pesa ya mikarafuu msimu huu, kwa tarehe.

Nimebakiwa na suali moja, kwenye fomu pahala pa namba ya mke ataandika nini na mie sina namba?

mtoto_wa_Limbani

Achague kisanduku cha wenye ndoa wanaofaili mbali, jina lako kamili aliandike kama lilivyo kwenye cheti cha ndoa na pasipoti, na pahala pa namba aandike NRA, yaani mgeni asiekuwa mkaazi, herufi tatu basi. Huna mapato ya Marekani na hudaiwi kufaili huko, kwa hiyo inatosha. Programu nyengine za kompyuta zinakataa kutuma bila ya namba, ikimkatalia asibabaike wala asibuni namba, aprinti, atie saini, atume kwa posta yenye risiti kabla ya 15 Aprili na abakishe kopi, mana hiyo kopi ndo atakayoiambatanisha na I-864. Ohio nayo ina kodi yake ya jimbo na wanataka hadhi ile ile alotumia kwa IRS, asije akaandika singo kule.

Na kazini aangalie ile W-4, fomu inayomwambia mwajiri akate kodi kiasi gani kwenye mshahara. Wengine wakioa tu wanakimbilia kutia alama ya wanaofaili pamoja, mshahara unaongezeka kila wiki mbili, kisha mwisho wa mwaka wanadaiwa. Maadamu anafaili mbali alama yake ni ile ile ya singo au mwenye ndoa anaefaili mbali, hizo mbili kwenye W-4 ziko kisanduku kimoja. Ukipata viza na soshali ukishafika, rudi hapa tuhesabu kama inafaa kuirekebisha hii ya 2025 iwe ya pamoja. Mna mpaka Aprili 2029.

BiHarusi_Wete

Namtumia sasa hivi hii yote. Huko ni asubuhi, anaingia kazini saa tatu, ataisoma kwenye basi.